Tupeane uzoefu: kusafirisha mbuzi mwenye mimba akafika salama

Mfugaji wa Kibaigwa
Wakuu, habari za humu. Watu wengi wanakuja huku Kongwa kununua mbuzi wa kupeleka Pwani na Dar, na wengi wanataka majike wenye mimba, kwa hesabu kwamba unanunua mmoja unapata wawili au watatu. Kilio kinachofuata nakisikia mara kwa mara: mbuzi kashushwa mzima, baada ya siku chache kaharibu mimba. Naomba tuweke hapa yale tunayoyafanya kwa mikono yetu wenyewe. Naanza mimi.

Namuuliza muuzaji kwanza: beberu alimpanda lini? Bei inakuja baadaye. Mbuzi anabeba mimba kwa siku 150 hivi, na umri wa ile mimba ndio unaoamua kama safari ipo au haipo. Mimba ya miezi miwili hadi mitatu na nusu napakia bila wasiwasi mkubwa. Changa kabisa, ya wiki chache, naiogopa, maana misukosuko huitoa kabla hata hujajua kama ilikuwepo. Akivuka siku 135 simpakii hata nikitupiwa bei. Miongozo ya kimataifa ya afya ya wanyama nayo inakataza kusafirisha mnyama aliyefika asilimia 10 ya mwisho ya mimba.

Muuzaji asiyejua tarehe, mimi naangalia mwili. Kiwele kikishaanza kujaa na nyama za pande mbili za shina la mkia zimelegea ukizibonyeza, huyo azalie alipo. Mlipe mwenyeji malisho, umfuate na watoto wake baadaye.

Upande wa gari natumia kanta. Bodi la chuma likilowa mkojo linateleza sana, na jike mzito akiteleza miguu ya nyuma inatanuka, anaangukia tumbo. Kwa hiyo namwaga maranda, juu yake majani makavu mengi. Wenye mimba wanakaa chumba chao, natenga kwa mbao, kila mmoja apate pa kulala. Mwenye pembe mkorofi hakai nao, hata kama wametoka zizi moja. Turubai linafunika juu tu, pembeni hewa ipite. Tunaondoka alfajiri ili Morogoro tuipite kabla jua halijawa kali. Na dereva nakaa naye mbele, kwa sababu matuta ya barabarani ndiyo yanayowaumiza kuliko urefu wa njia.

Mama Mgeta
Asante kwa uzi huu, kaka. Huku kwetu milimani tuna mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norway, walioletwa kupitia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miaka ya 1980. Hawa wanaishi kwenye banda la kuinuliwa, hawajazoea kutembea mbali, na baridi ndiyo hali yao. Anayemshusha Morogoro mjini anampa joto na ugeni kwa siku moja. Mimi sikubali kuuza jike mwenye mimba peke yake kwa mtu wa mbali. Achukue na mwenzake waliyelala pamoja, hata awe mtoto wa mwaka jana. Mbuzi akiwa peke yake analia njia nzima na hali kitu.

Na wakati wa kupakia, jamani, msimwinue kwa pembe wala kwa kumkumbatia tumboni. Mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, chini ya mkia. Bora zaidi, tafuteni kichuguu au ukingo wa barabara gari lirudi nyuma hapo, apande mwenyewe. Nikitangulia na tawi la majani mkononi huwa wananifuata.

Kijana wa Chalinze
Kuna watu bado wanawafunga miguu minne na kuwalaza kwenye siti ya bodaboda. Nimeshamshusha mmoja wa jirani yangu akiwa na tumbo limevimba upande wa kushoto, hawezi hata kusimama. Mbuzi akilazwa ubavu muda mrefu hawezi kucheua gesi, na hapo kuna mtoto ndani. Kukodi bajaji ya mizigo hakuzidi bei ya mbuzi.

Afisa mifugo
Wakuu, mmeongea vizuri kuhusu gari, ila mimba nyingi naona zinaponyoka kabla ya kupakia na baada ya kushusha.

Kabla: muuzaji anataka kuonyesha kwamba mbuzi wake ametunzwa, anampa dawa ya minyoo siku ya mauzo. Albendazole kwa mimba changa inaweza kulemaza mtoto au kuiua mimba. Ulizeni ametumia dawa gani. Na mtu asikubali sindano ya deksamethasoni "ya kumpa nguvu ya safari", kwa mimba kubwa hiyo inaanzisha uchungu. Chanjo ya sotoka ya mbuzi ichomwe wiki kadhaa kabla, ili mwili uwe tayari. Kibali cha kusafirisha mifugo chukueni mapema, maana kusimamishwa kwenye kizuizi kwa muda wa masaa manne juani ni mateso kwa hao majike.

Baada: wiki 6 za mwisho mtoto anakua kwa kasi na tumbo la chakula linabanwa. Jike asipokula siku nzima, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, ini linazidiwa, damu inajaa sumu. Wenye mapacha ndio wanaotangulia. Utamwona amejitenga, anasaga meno, hori halitazami, akitembea anayumba. Huyo ni wa kuita daktari siku hiyo hiyo. Kwa hiyo bebeni gunia la majani aliyoyazoea kutoka kwa muuzaji, muyachanganye na ya kwenu kidogo kidogo. Nafaka nyingi ya kumkaribisha mgeni itamharibu tumbo.

Mfugaji wa Isiolo
Salamu kutoka Kenya. Sisi tunauza mbuzi aina ya Galla hadi Machakos. La kwangu ni maji. Mbuzi wetu wamezoea maji yenye chumvi chumvi, wakifika wanayanusa ya bomba na kuyaacha. Tunatia molasi kidogo kwenye ndoo siku kadhaa kabla ya safari, na kule mnunuzi anatia vile vile. Wanakunywa papo hapo.

Mgeni wa Bagamoyo
Wangu kafika juzi, leo kaharibu mimba. Nifanye nini?

Afisa mifugo
Pole sana, ndugu. Usishike chochote kwa mkono mtupu, inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaoharibu mimba, na unaambukiza watu. Vaa glavu, na wajawazito wa nyumbani wasikaribie. Mtenge huyo jike. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi achukue sampuli, kisha mzike kile kitoto na kondo la nyuma kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatafukua. Maziwa yake msinywe mpaka majibu yatoke. Kondo likiwa bado halijatoka kesho asubuhi, usilivute, msubiri daktari.