Medali za babu aliyezama na meli vitani: mteja yuko Arusha, niuze au nitulie?

MtuWaUmbwe
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnishauri kwanza, matusi yaje baadaye.

Babu yangu mzaa baba alikuwa baharia wa Mwingereza, akafa maji Vita vya Pili. Kaburi hana. Kopo lake lina medali mbili. Moja ni nyota ya rangi ya shaba yenye pembe sita, katikati ina herufi GRI. Nyingine ni ya duara, nyeupe, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba kamkanyaga joka. Nyuma ya ile nyota pamechongwa jina la babu. Kuna na karatasi ya Kiingereza iliyokatika kwenye mikunjo, nasoma namba 301 na neno linaloanza na Arti, basi.

Nimepata mteja Arusha, ana duka la vinyago na vitu vya zamani. Anasema nikileta na historia ya utumishi wa babu, bei inapanda. Naulizia mawili: bei ya haki ni ngapi, na historia hiyo naipata wapi? Nawasilisha.

Mangi wa Pasua
Mchaga na bahari wapi na wapi? Angebaki Kiboriloni auze ndizi leo mngekuwa na ghorofa 😂

Mama Aika
Mwanangu, kitu cha marehemu hakiuzwi. Baba yangu mkubwa alirudi kutoka Burma na koti moja la jeshi, alilivaa kanisani miaka yote mpaka viwiko vikatoka. Alipofariki vijana wakagombania shamba, koti hakuna aliyelitaka. Nimelitunza mimi. Panya wamelila kola lakini lipo. Huwa nalianika kila kiangazi na wajukuu wananicheka. Sasa wewe una medali kabisa unatafuta mtalii!

Mzee wa Kumbukumbu
Tumuache mama na koti lake, kijana kauliza swali.

Babu yako hakuwa baharia. 301 na Arti ni Kikosi cha 301 cha mizinga, jeshi la Afrika Mashariki. Askari wa nchi kavu waliokuwa wakisafirishwa. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ili watu wapelekwe kupigana na Wajapani. Karibu watu elfu moja wa kikosi hicho walikuwa kwenye meli moja, Khedive Ismail. Tarehe 12, Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Wengi walikuwa chini, na meli inayolala upande haikupi muda wa kupanda ngazi. Ndani walikuwa watu 1,511, wakafa 1,297. Kulikuwa na wauguzi wanawake pia. Wanawake waliookolewa ni sita tu.

Na kuna sehemu ambayo mimi kila nikiisoma naweka kitabu pembeni. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaelea. Manowari za Kiingereza, Paladin na Petard, zikaangusha mabomu ya kulipua chini ya maji hapohapo, watu wakiwa majini. Nyambizi ilizamishwa siku hiyohiyo. Kuna wanaosema nahodha hakuwa na njia nyingine. Mimi sijui ningelala vipi usiku ule.

Medali zako: ya pembe sita ni Nyota ya 1939–45, ya duara ni Medali ya Vita. Zilitolewa kwa watu wengi mno, zenyewe hazina bei ya kutisha. Mteja wako anataka karatasi. Askari mwenye namba na kikosi cha Khedive Ismail, hicho ndicho mkusanyaji anatafuta.

Wakili wa Mtaani
Mzee umetisha. Mtoa mada, maswali ya kawaida: kakupa bei gani, kopo lilikuwa linatunzwa na nani, na medali ziko wapi muda huu?

MtuWaUmbwe
Mzee wa Kumbukumbu asante sana, nyumbani tuliambiwa baharia kwa sababu alifia baharini, nadhani.

Wakili, kopo lilikuwa nyumbani, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Bei ameanzia laki saba. Mimi ndiye mwenye haki, baba yangu ndiye mtoto wa kiume pekee wa babu, alizaliwa 1945, na mimi ndiye mkubwa kwa baba. Ada za watoto zimenibana wakuu, mambo ya kumbukumbu ni ya wenye nafasi.

Saidi wa Mbuyuni
Sisi mjomba alikwenda na MV Bukoba 1996, hatukupata hata kiatu. Nyie mna medali mbili na karatasi mnalalamika.

Jicho Kavu
Wakuu mnaliwa huku mnacheka. Someni tena.

Moja, medali za Mwingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina. Za Vita vya Kwanza ndizo zilikuwa na jina ukingoni. Hii ya huyu imechongwa jina.

Pili, meli imezama Februari 1944. Baba yake kazaliwa 1945. Hesabuni.

Huu uzi umetungwa. Huyu ni dalali, ana vyuma vya kuokota, sasa Mzee wa Kumbukumbu kamwandikia historia bure na kesho ataiprinti aweke dukani.

Mangi wa Pasua
Labda babu alirudi kwa kuogelea 😂😂

Binti Njoro
Nimehesabu kwa vidole nikarudia. Jicho Kavu yuko sahihi. Picha iko wapi? Siku hizi mtu hata akila makande anapiga picha.

Mzee wa Kumbukumbu
Kuhusu jina ni kweli hazikuwa na jina. Lakini familia nyingi ziliwapa mafundi wachonge baadaye, hiyo peke yake haimfanyi mwongo. Mwaka ndio sina jibu. Kijana jibu.

MtuWaUmbwe
Jina lilichongwa na fundi saa, bibi ndiye alimlipa. Sikujua kama ni kosa.

Kuhusu mwaka. Nilitaka nisiseme mambo ya nyumbani humu. Bibi alirithiwa na mdogo wake babu. Kanisa halikutaka, ukoo ukataka. Baba yangu alizaliwa humo. Lakini tangu utoto tuliambiwa baba ni mtoto wa marehemu, na jina la marehemu ndilo alilopewa. Kwa mila hiyo ni hesabu halali. Picha sina kwa sababu medali na karatasi ziko Arusha, jamaa anazikagua. Amenipa laki mbili za kuanzia. Ni mtu mwaminifu, nilitambulishwa.

Wakili wa Mtaani
Anazikagua! Umempa vitu pamoja na karatasi, mkononi huna hata nakala?

Na umesema "mtoto wa kiume pekee". Hilo neno sikulipita. Marehemu aliacha mtoto mwingine kabla hajapanda meli?

Binti Njoro
Nasubiri hapa, sipiki.

MtuWaUmbwe
Aliacha binti. Shangazi yangu, alizaliwa 1942. Yupo Machame, aliolewa huko zamani. Ndiye alikuwa na kopo mpaka alipokuja kuuguzwa kihambani, nikalikuta chini ya kitanda. Lakini wakuu tuwe wakweli, kwetu binti akishaolewa vitu vya ukoo havimhusu. Na macho yake hayaoni vizuri, medali atazifanyia nini?

Mama Aika
Mungu wangu. Yaani mwenye baba yupo hai.

Nenda Arusha alfajiri. Usinijibu humu, nenda.

Saidi wa Mbuyuni
Mtoto wa damu yuko kitandani, mjukuu wa kurithi anapiga bei. Halafu eti mila. Mila hiyohiyo inasemaje kuhusu kuchukua kitu chini ya kitanda cha mgonjwa?

MtuWaUmbwe
Sikuiba. Nilikaa naye wiki nzima hospitali, watoto wake walituma salamu tu. Mnanihukumu lakini hakuna anayesema ada nitalipa na nini.

Mangi wa Pasua
Hapo kwenye watoto wa kutuma salamu nakuelewa kiongozi, hao ninao.

Mzee wa Kumbukumbu
Kijana, shangazi anajua baba yake alizama na meli gani?

MtuWaUmbwe
Anajua alikufa maji. Meli hajui. Nadhani hata bibi hakujua.

Mzee wa Kumbukumbu
Basi fanya hivi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, unatafuta jina bure. Wengi wa waliokufa kwenye Khedive Ismail kutoka vikosi vyetu wameandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Andika jina kwa tahajia tofauti tofauti, makarani wa Kizungu walisikia majina yetu vibaya. Ukilipata, utaona namba, kikosi na tarehe. Shajara za vita za vikosi zinatunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, Kew, London, hizo ni kwa baadaye. Kumsomea shangazi huhitaji medali, unahitaji simu yenye bando.

Wakili wa Mtaani
Kabla ya hayo, mpigie jamaa sasa hivi. Mwambie vitu vina mgogoro wa familia, na laki mbili utamrudishia mbele ya shahidi. Mfanyabiashara mzoefu akisikia mgogoro anarudisha haraka. Akianza chenga, nenda na baba yako mdogo na mjumbe.

MtuWaUmbwe
Laki mbili nilishalipia ada. Nimempigia, anasema yuko Karatu na wageni, nije Jumatatu.

Jicho Kavu
Bado sijashawishika asilimia mia, lakini kama ni kweli, Jumatatu usiende peke yako. Na mwambie leo kwa ujumbe wa maandishi, akujibu kwa maandishi kwamba vitu anavyo na ni viwili pamoja na karatasi. Ukishapata jibu liweke hapa, jina lake lizibe.

Binti Njoro
Naongeza laki moja kwenye hiyo ya kurudisha kama shangazi atasomewa. Mama Aika na wewe changia, uza lile koti 😅

Mama Aika
Koti haliuzwi. Nina elfu hamsini.