Naomba ushauri: Athena alikuwa wa Waathene au wa Wagiriki wote?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandika insha ya chuo kuhusu nafasi ya mungu wa kike Athena kwa Wagiriki wa kale, na nimekwama.

Upande wa Athens hoja imekaa vizuri. Bundi wake yuko kwenye sarafu za fedha, na hekalu la Parthenon lilianza kujengwa kwa heshima yake mwaka 447 KK. Kwenye sikukuu ya Panathenaia watu walipanda Akropoli, kilima chenye ngome ya mji, kwa maandamano kumpelekea vazi jipya lililofumwa na wanawake wa mji. Kilichonigusa zaidi ni hadithi ya Erechtheus, mfalme aliyezaliwa na ardhi yenyewe kisha akalelewa na Athena. Kwa hadithi hiyo Waathene walijiona wenyeji halisi wa nchi yao, si watu waliohamia. Hapo dini na utaifa vimeshikana kabisa.

Tatizo ni Sparta. Nao walikuwa na hekalu la Athena kwenye ngome ya mji wao, limepambwa kwa mabamba ya shaba, na watu wa Tegea, mji jirani, walimwabudu kwa jina la Athena Alea. Athens na Sparta, mahasimu wa vita vya Peloponesi, mungu mmoja!

Nimejaribu kuandika kwamba kila mji ulikuwa na Athena wake, lakini msimamizi wangu anasema hoja hiyo inafuta dini ya pamoja ya Wagiriki.

Naombeni mnisaidie: nitatetea vipi yote mawili bila kujipinga? Na je, nianze na ibada za kila mji, au na yale yaliyowaunganisha?