Ruta inajua majina ya mashine zangu, ukiiuliza inakana!

Wakubwa wa L'shi (Lubumbashi) na kwingineko, nimechoka kabisa. Nakaa Bel-Air, nyumbani tuna sekretarieti ndogo: kompyuta ya kuchapia, ya mama watoto ya hesabu, printa ya mtandao, na mashine ya Linux ninamohifadhi kazi za wateja. Umeme ukikatika na kurudi (hapa kwetu mnaujua!), anwani za mashine, yaani namba zake za mtandao, zinachanganywa kama karata. Ruta ya waliotuuzia intaneti huweka orodha yake ya DHCP (ugawaji wa namba hizo) kwenye kumbukumbu inayofutika ikizimika. Ikiwaka, anayewahi ndiye anayepewa namba. Simu za watoto zina betri, zinawahi. 192.168.1.3 iliyokuwa printa inageuka simu ya binti yangu, na mteja amesimama mlangoni anangoja CV yake.

Namba kubadilika mimi sigombi, DHCP ndivyo ilivyo. Kinachonikera ni hiki: kompyuta ikiomba anwani, inataja na jina lake. Ruta inalisikia! Fungua ukurasa wake utaona "hifadhi", "printa", "kuchapia", kila moja na namba yake. Halafu andika ping hifadhi, yaani iite ile mashine ya Linux kwa jina: haijulikani. Jina inalo, na yenyewe ndiyo DNS (ya kugeuza jina kuwa namba) ya nyumba nzima, lakini kujibu haitaki. Wakati dnsmasq, programu ya bure, inagawa anwani na jina ililotajiwa inalijibu papo hapo. Ningeiita hifadhi.home.arpa, kikoa kilichotengwa kwa mitandao ya nyumbani tangu 2018, tukalala.

Ila ili nitumie dnsmasq lazima nizime DHCP ya ruta. Au basi nifungie kila MAC (namba ya kiwandani ya kila mashine) anwani yake. Vitufe vyote viwili vipo, vimefifia, havibonyezeki, maana nenosiri la msimamizi wamebaki nalo wao. Nikampigia fundi wao: "Papa, ile haina shida, namba ikibadilika unaandika tu ingine." Dola zangu nalipa kila mwezi ili nizunguke na kikaratasi cha namba?

Kabla hamjaniambia .local (mDNS, mashine kutajiana majina zenyewe bila ruta): nimeiweka kwa programu ya Avahi, nyumba kubwa inakwenda vizuri. Lakini mafundi hao hao walitupachikia ruta ya pili kwenye aneksi, ikajitengenezea mtandao wake, na mDNS haivuki ruta. Kompyuta ya hesabu iko huko huko. DNS ya kawaida ingevuka bila taabu.

Na anwani ya kudumu ndani ya printa yenyewe? Ruta inagawa kuanzia 2 hadi 254, hakuna iliyobaki nje. Printa ikizimwa kidogo, namba yake anapewa mwingine, ikiwashwa zinagongana.

Sasa, mwenye ujuzi: ninunue ruta yangu niiweke nyuma ya hii, aneksi nayo niichomeke kwenye yangu DHCP yake ikiwa imezimwa? Au kuna aliyewabana hawa watu mpaka wakampa nenosiri? Wa kuniambia "piga huduma kwa wateja" apite kimya.