Emuleta ya kompyuta ya biti 8: nianze na Z80 au 6502?

Kitasa
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuandika emuleta (programu ya kuiga mashine) ya kompyuta ya biti 8 kwa lugha ya C, kisha juu yake niandike mfumo endeshi wangu mdogo. Nimebaki na prosesa mbili, Z80 na 6502. Mwenye uzoefu anisaidie. Natanguliza shukrani.

FundiRedio
6502, mkuu. Maelekezo yake rasmi ni 151 tu. Iga Apple-1, kompyuta ya 1976 yenye 6502: programu ya ROM aliyoandika Steve Wozniak ni baiti 256. Kibodi unaisoma anwani D010 na D011 (anwani zote hapa ni za heksadesimali), herufi unaitoa D012, basi. Yangu ilipoamka ikaonyesha alama ya "\" niliiangalia mpaka usiku wa manane. Chunga JMP (elekezo la kuruka) ya kupitia pointa, yaani mahali palipohifadhiwa anwani ya kurukia: pointa ikikaa 10FF, baiti ya pili inasomwa 1000, siyo 1100. Ni kasoro ya chipu yenyewe, na emuleta lazima iwe nayo.

Zuhura_Hex
Kwa emuleta peke yake, naungana na FundiRedio. Lakini Kitasa anataka na mfumo endeshi. Staki ya 6502 (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea anwani za kurudia) imefungwa kwenye baiti 256, kati ya 0100 na 01FF. Ukitaka programu mbili zipokezane utahangaika kuzigawia nafasi hiyo. Ya Z80 unaiweka popote.

Halafu, kwa Z80, kuna CP/M, mfumo endeshi wa Gary Kildall. Programu inapakiwa anwani 0100. Ikihitaji huduma, inaweka namba ya huduma kwenye rejista C (nafasi ndogo ndani ya prosesa) na kuita anwani 0005. ZEXALL, programu ya kupimia Z80, inatumia huduma mbili tu: 2 ya kutoa herufi moja, na 9 ya kutoa maneno mpaka alama ya $. Ukiziandika hizo, mfumo wako umeshaanza na prosesa inapimwa hapohapo.

Kitasa
Dada Zuhura, na maelekezo ya Z80 yenye viambishi (baiti za kutangulia) CB, DD, ED na FD? Naona msitu.

Zuhura_Hex
Ni mengi kweli, ila yana mpangilio; biti zenyewe zinakuonyesha rejista. Kilichonitesa mimi ni DAA, elekezo la kurekebisha hesabu za desimali, siku nne nzima. Kosa lilikuwa bendera ya H (biti ya kuonyesha hali ya hesabu), nilikuwa siigusi baada ya hesabu ya kutoa.

FundiRedio
Hapo kwenye staki sina ubishi. Kitasa, anza na ZEXDOC, ndugu yake ZEXALL, kabla ya ZEXALL yenyewe, maana ZEXDOC haikagui biti 3 na 5 za bendera. Na anwani 0006 uiwekee mwisho wa kumbukumbu, kwa sababu programu hizo zinaisoma zijue staki ianzie wapi.

Kitasa
Nimeelewa, nachukua Z80. Usiku huu naandika huduma namba 2.