Mjadala: Mkandarasi wa tovuti ya umma alipwe kabla asiyeona hajaijaribu?

Mleta mada, Kampala: Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Ibara ya 9 inataja intaneti waziwazi. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ni ya 2020. Hata hivyo fomu nyingi bado hazijaziki kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Napendekeza malipo ya mwisho yazuiwe mpaka mtu asiyeona aijaze fomu peke yake, kuanzia kuingia hadi kupata risiti.

Mbarara: Napinga. Wananchi wengi wako kwenye USSD, yaani menyu za kupiga nyota na reli, maandishi matupu yasiyo na picha. Hiyo inatosha. Pesa za kujenga upya zitoke wapi?

Gulu: Haitoshi, ndugu. TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, husoma menyu nzima, chaguo la 1 hadi la 8, ndipo mtu atafute kisanduku cha kujibu. Mara nyingi muda umeshakwisha, anaanza upya. Tena kisanduku hicho kwa kawaida hakifichi PIN, kwa hiyo simu inaitamka tarakimu kwa tarakimu mbele ya watu kwenye stendi ya teksi. Huo ni usalama gani?

Jinja (natengeneza programu): Gharama tunaikuza. Kitufe chenye alama tu, TalkBack husema "kitufe" bila kusema cha nini. Kwenye Android unaongeza contentDescription, yaani maelezo ya kitufe yanayosomwa kwa sauti, mstari mmoja. Kwenye tovuti, kila kisanduku kifungwe na label yake, yaani lebo ya jina lake. Maandishi ya kijivu yaliyomo ndani si lebo, yanafutika ukianza kuandika. Kosa liandikwe kwa maneno, lisiwe wekundu tu. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 na mandhari yake. Na jamani, ukurasa wa Kiswahili uandikwe lang="sw", alama ya lugha kwenye msimbo wa ukurasa! Ukiacha "en", sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, hakuna anayeelewa.

Mbarara: Kwa mifumo mipya nakubali. Ya zamani je?

Jinja: Anzeni na kuingia na kulipa. Captcha (jaribio la kuthibitisha wewe si roboti) ya picha pekee iondoke, na msimbo wa SMS uwe na kitufe cha kuongeza muda. Maelezo ya picha za habari yatangoja.

Mleta mada: Basi naongeza kwenye pendekezo: jaribio lifanywe kwa simu ya bei nafuu, si kompyuta ya ofisini, na mjaribuji alipwe.