Waya za nyumba ya Babu, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga

*Kikundi: Wa Ngamiani*

Mwanahawa: Asalaam alaykum ndugu zangu. Tangu Ijumaa chumba cha Bibi kinanuka samaki. Tumesogeza kabati, tumetoa kitanda, tumetafuta panya aliyekufa, hakuna. Leo nachomoa friji nifagie nyuma, plagi imenichoma vidole. Soketi yenyewe hii hapa.

Mwanahawa: 📷

Shangazi Tatu: Waalaykum salaam mwanangu. Yarabi! Imekuwa nyeusi hivyo na mama yangu analala humo?

Jumaa: Dada, shusha meni swichi sasa hivi, mengine baadaye. Harufu ya samaki ndiyo hiyo hiyo soketi. Ile plastiki ngumu ikipata moto hunuka hivyo.

Mwanahawa: Nimeshusha.

Baba Mkubwa: Soketi moja imeungua, inunuliwe soketi moja. Umeme ule marehemu mzee aliuingiza 1958, mimi nimezaliwa nimeukuta, na mpaka leo unawaka.

Jumaa: Shikamoo Baba Mkubwa. Kuwaka unawaka. Lakini mzee aliweka waya za taa nne na redio. Leo waya zile zile zinabeba friji, pasi, jagi la umeme na hita ya kuogea ya Bibi. Hita peke yake ni wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 24. Waya ule unachemka darini, juu ya boriti kavu, na hakuna anayeuona.

Baba Mkubwa: Marahaba. Si ndiyo kazi ya fyuzi? Mzigo ukizidi, inakatika.

Jumaa: Ingekatika kama ingekuwa fyuzi. Idi nilipokuja nilifungua vile vigae vyeupe vya kushikia fyuzi. Waya wa fyuzi haumo. Mtu amesokota nyuzi tatu za shaba akazibana. Hizo hazikatiki hata nyumba iungue. Nikasema nitarudi baada ya Idi nifanye kazi yote, nikashikwa na shughuli za Dar. Hapo nimekosa, nisameheni.

Mwanahawa: Kuna jingine. Juzi nilipanda kiti kutoa buibui juu ya mlango. Ule waya uliopigiliwa kwenye ubao, fagio lilipougusa tu, raba yake ikapukutika chini kama maganda ya karanga za kukaanga. Shaba iko nje kabisa.

Shangazi Tatu: Na ungeugusa kwa mkono?

Jumaa: Tusingekuwa tunaongea haya, Shangazi. Waya za zamani zilivikwa raba, na raba ikizeeka hukauka ikapasuka. Huwezi kuziba kwa tepu nyumba nzima. Na tena nyumba haina ethi, ule waya wa kushusha umeme ardhini. Zile soketi za matundu ya duara, tundu la tatu halijaungwa na kitu. Umeme ukivuja kwenye bati la friji hauna pa kwenda, unamngoja mtu.

Mwanahawa: Ndiyo maana Bibi hufungua friji kwa upindo wa kanga! Mimi nilidhani ni mazoea yake tu.

*(dakika 40 kimya)*

Baba Mkubwa: Zile nyuzi za shaba niliziweka mimi. Ulikuwa msiba wa mama yenu mdogo, watu wamejaa hadi uani, taa zikawa zinazimika kila saa. Nikasema nitazitoa kesho yake. Sikuzitoa.

Jumaa: Baba Mkubwa, nyumba nyingi ninazofungua nakuta hivyo hivyo. Tuzitoe sasa.

Shangazi Tatu: Itatakiwa nini? Tutajie tujichange.

Jumaa: Waya zote zitoke, zipite mpya kwenye paipu. Taa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, hita ipate laini yake ya 6 na breka yake, swichi inayojikata mzigo ukizidi. Fito la shaba la ethi lipigwe ardhini uani. Na RCD ya miliampea 30, swichi ya usalama, hiyo umeme ukivuja inakata kabla haujamshika mtu vizuri. Nitakuja na mwenzangu mwenye leseni ya EWURA, wasimamizi wa nishati, na TANESCO, shirika la umeme, watukatie kwenye nguzo kabla hatujagusa kitu. Vifaa na kazi, milioni 2 na laki 1.

Shangazi Tatu: Mimi laki 7, natuma leo.

Baba Mkubwa: Mimi laki 9. Zilikuwa za kupaka rangi mbele ya nyumba. Rangi isubiri.

Mwanahawa: Mimi ninayo laki 2 ya kikoba.

Jumaa: Iliyobaki ni ufundi wangu, Bibi hanilipi. Napanda basi Alhamisi. Nunueni waya duka la vifaa vya umeme, si za mtaani za kupimiwa mkononi. Rangi za waya zimebadilika: waya wa moto ni kahawia, wa nyutro ni buluu, wa ethi ni kijani na njano.

Mwanahawa: Bibi nimemhamishia kwangu. Anauliza samaki wake kwenye friji.

Jumaa: Awagawie majirani leo leo. Meni isipandishwe, hata kwa dakika moja.