Okapi ya zamani: kutu, springi nzito na ubapa unaocheza. Nianzie wapi?

Kibindoni
Wakuu, salaam. Nina kisu cha Okapi cha kukunja, kile cha pete, mpini wa mti wenye mwezi na nyota. Kwenye ubapa neno linalosomeka vizuri ni "Germany" tu. Hali yake: kutu nyekundu ubapa mzima, na karibu na ribiti (ule msumari unaoushika ubapa kwenye mpini) kuna vishimo. Springi ya mgongoni ukiivuta kwa pete inarudi kwa uvivu, ule mlio wa kr-kr-kr umekuwa wa mtu mwenye mafua. Ubapa ukiwa wazi unacheza kushoto na kulia. Nyota moja imebanduka, ninayo.

Nataka kisu cha kumenyea machungwa na kukatia kamba, si cha kuweka kabatini. Je, nikisugue king'ae kama kipya? Na nikisafiri nacho kwenda Uingereza kuna shida?

Fuawe
Mkuu, kabla ya kugusa kutu, shughulikia springi. Mara nyingi si mbovu, imejaa tu. Vumbi la mfukoni, mafuta ya kula yaliyoganda na unga wa kutu vinajazana chini yake mpaka haina pa kulalia.

Tia matone mawili matatu ya mafuta ya taa kwenye ribiti na chini ya springi, usimamishe kisu pete ikiwa juu, uache usiku mzima. Usikitumbukize kizima! Mti ukinywa mafuta ya taa unafifia rangi, na gundi ya zile nyota inalegea. Kesho yake fungua na kufunga mara ishirini hivi, futa uji mweusi unaotoka, tia tena. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Kwenye mfereji wa mpini ingiza kijiti cha meno kilichoviringishiwa pamba. Usitumie bisibisi, utapasua mti.

Springi ikiendelea kuwa mvivu baada ya hapo, ikague kwa kioo cha kukuzia pale inapopigiwa ribiti. Ufa huanzia kwenye tundu. Ukiuona, kisu hicho ni cha kutazama tu. Wapo watakaokushauri uikunje kidogo ili ipate nguvu, au uipashe moto. Chuma kilichokwisha kukomazwa ukikikunja kikiwa baridi kinakatika papo hapo kwenye tundu. Ukikipasha moto kinalegea moja kwa moja, tena unaunguza mpini.

MsasaLaini
Naongezea kwenye kutu. Mtoa mada, tofautisha nyekundu na nyeusi. Nyekundu inakula chuma, iondoe. Ule weusi wa kijivujivu ulioenea sawasawa uache, unausaidia ubapa usishike kutu upesi, na wakusanyaji wanaupenda. Kisu cha umri huo kikisuguliwa kiwe kioo, maandishi ya chapa yanaondoka na msasa, na hapo umefuta cheti chake cha kuzaliwa.

Chukua sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000 (ya kusugulia sufuria ni nene mno, itaacha mikwaruzo), ichovye mafuta, usugue kwa kufuata urefu wa ubapa. Pale penye ukaidi, kipande cha shaba chenye ncha butu kinakwangua kutu bila kuumiza chuma. Vile vishimo usivifukuzie. Ukitaka vipotee itabidi upunguze ubapa wote, na karibu na ribiti ukipunguza unaongeza kucheza. Safisha ndani yake, tia mafuta, basi.

Siki inatoa kutu, kweli, lakini haichagui: inaondoa na ule weusi, na ukiisahau usiku kucha ubapa unatoka na mabaka ya kijivu kama ngozi yenye ukurutu. Ukilazimika, funga ubapa peke yake kwa kitambaa chenye siki, angalia kila dakika 10, kisha osha kwa maji ya magadi, kausha na upake mafuta saa hiyohiyo.

Kuhusu umri: Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, nasi tukiwemo. Okapi mwenyewe, yule mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina lake la kisayansi mwaka mmoja tu kabla. Kuanzia 1988 kazi ilihamia Afrika Kusini. Kwa hiyo "Germany", kama si ya kughushi, ni ya kabla ya hapo. Nakala zipo tele, na dalili ya kwanza ni chapa yenye herufi zisizo na kingo kali.

Kibindoni
Shukrani wakuu. Springi imerudi, inalia vizuri sana. Ubapa bado unacheza. Nigonge ribiti?

Fuawe
Kwanza jua unacheza vipi. Fungua, shika mpini kwa mkono mmoja, ncha kwa mwingine (kupitia kitambaa). Ubapa ukienda kushoto na kulia, ribiti imelegea au mti umesinyaa, hiyo nyundo inatibu. Ukienda juu na chini, meno ya ubapa au pale yanaponasa kwenye springi pameliwa. Hapo nyundo haisaidii kitu, na usikiamini kisu hicho kwa kazi ya kusukuma ncha.

Kama ni kushoto na kulia, subiri wiki nzima tangu ulipokisafisha. Mti ulioloa huenda umevimba. Ukigonga leo, ukikauka utalegea tena na utalaumu nyundo.

Halafu kata kipande cha kopo la soda, ukichomeke kati ya ubapa na mti, karibu kabisa na ribiti. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unazuia usibane kupita kiasi. Kichwa cha chini cha ribiti kikae juu ya chuma kigumu, si ubao. Tumia nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, gonga pembeni mwa kichwa cha ribiti kwa kuzunguka, si katikati. Ni kama unabisha hodi kwa mtu aliyelala. Kila baada ya vigongo vinne toa kipande, fungua, funga, sikiliza. Wengi huharibu kwa kigongo kimoja cha mwisho "cha kuhakikisha", na mti unapasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Nyota ibandike kwa gundi ya sehemu mbili baada ya hapo, si kabla. Mtikisiko wa nyundo utaibandua.

Noleo
Makali: usipeleke kwa wanoaji wanaozungusha jiwe kwa baiskeli. Wengi ni mafundi wa panga na visu vya jikoni, ila jiwe kavu linalozunguka linapasha ncha nyembamba kabla hujajua. Ukiona rangi ya bluu, ugumu umeondoka hapo na makali hayatadumu.

Tumia jiwe la kawaida na maji. Ubapa wenye upana wa milimita 20, inua mgongo wake milimita 7 hivi kutoka kwenye jiwe, hiyo ni takriban nyuzi 20. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha ukucha upande wa pili usikie ukingo unakwaruza mwanzo hadi mwisho, ndipo ugeuze. Malizia kwenye mshipi wa ngozi kwa kuvuta mgongo ukitangulia, makali nyuma.

Mafuta ya alizeti usiweke kwenye ribiti, yanaganda kama gundi, na huo ndio uchafu uliotoka kuusafisha. Nazi ina nafuu, ila kwenye baridi inashikana. Bora mafuta ya parafini ya duka la dawa, yasiyo na rangi wala harufu. Usidhani ni mafuta ya taa. Baada ya chungwa, futa mara moja. Na kwa mlio ule mtamu: kila kr ni jino linasagika. Ukifungua, vuta pete.

MsasaLaini
Uingereza, mkuu, acha nyumbani au kiende kwenye sanduku la kupakiwa, kamwe si mkoba wa mkononi. Sheria yao ya 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisichojifunga (yaani ubapa haukazwi ukiwa wazi), makali yasiyozidi inchi 3. Okapi inajifunga kwa springi, kwa hiyo hata ingekuwa fupi haingii humo. Utatakiwa utoe sababu ya msingi, na kumenya chungwa bustanini sidhani kama polisi atakuelewa.

Kibindoni
Nimeelewa. Jumamosi ijayo wiki inatimia, nitagonga nikiwa na kopo la soda mkononi.

Fuawe
Usisahau kufuta mafuta kwenye kichwa cha ribiti kwanza. Nyundo ikiteleza inatua kwenye mwezi.